Kombi T2 1600: nibadilishe giaboksi ili itembee 110 bila injini kulia?

#1 Mkeka_Chalinze
Wakuu habari. Kombi T2 ya 1974, injini 1600 ya kupozwa kwa hewa, kabureta moja 34 PICT-3, ya kambi yenye paa la kunyanyuka. Gia nne. Kwa GPS ya simu, ikiwa km 100 kwa saa takometa (geji ya mizunguko ya injini kwa dakika) inasoma 3,700. Ikigusa 105 kelele inajaa ndani hadi watu hawasikilizani, na geji ya joto la mafuta ya injini inaanza kupanda. Ninachotaka ni 110 kwa muda mrefu, injini ikiwa 3,200 au 3,300 hivi.

Nimeelekezwa njia tatu: giaboksi nzima ya Kombi ya 2.0, kubadili gia ya nne peke yake, au kubadili kraun na pinioni (jozi ya gia za mwisho, inayopeleka nguvu kwenye ekseli). Ipi inafaa, na nini huharibika? Tairi ni 185 rimu 14.

#2 Mzee wa Spana
Karibu. Tuanze na hesabu ya kiwandani. T2 ya 1600 hutoka na kraun-pinioni ya 5.375 (meno 43 kwa 8) na gia ya nne ya 0.82. Zidisha upate 4.41. Hiyo maana yake injini inazunguka mara 4.41 gurudumu likizunguka mara moja. Tairi ya kiwandani, 185R14, husafiri karibu mita 2.0 kwa mzunguko. Kwa mwendo wa 100 unapata mizunguko 3,675 kwa dakika. Takometa yako inasema 3,700, kwa hiyo gari lako liko sawasawa na kitabu. Hakuna ugonjwa hapo, ndivyo lilivyoumbwa.

Giaboksi ya 2.0 ina kraun-pinioni ya 4.57 na gia ya nne ya 0.88. Jumla 4.02. Kwa 100 injini inashuka hadi 3,350, kwa 110 inakuwa 3,690. Yaani utatembea 110 kwa kelele ile ile unayoisikia leo kwenye 100.

#3 GiaNne_Eldoret
Naunga mkono giaboksi nzima, ndiyo njia yenye maumivu machache. Hiyo inaitwa 091. Utaijua kwa mbavu sita za kutupwa kwenye bodi, ile ya zamani ya 002 ina tatu. Ikitoka kwenye T2 ya 2.0 inaingia kwako bila kukata chuma. Vitu vya kukagua kabla haijapanda:

Beringi ya kuachia klachi. Za zamani hushikwa na klipu juu ya uma, za baadaye huteleza juu ya bomba la mwongozo. Presha pleti lazima iendane nayo: beringi ya bomba haitaki ile pleti yenye pete katikati. Ukichanganya, klachi inalia siku ya kwanza na beringi inakufa mapema.

Bushi ya stata. Ipo ndani ya kengele ya giaboksi, ni kipande kidogo cha shaba, na ikilika stata inagongagonga na kukwama. Badilisha giaboksi ikiwa mezani. Ukishaifunga, unaishusha injini upya kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kidole.

Sili ya shafti kuu na sili mbili za flanji. Weka mpya zote.

Injini ikiwa chini, pima mchezo wa krenki kwenye fulaiwili: mm 0.07 hadi 0.13. Nati kubwa ya fulaiwili ya 1600 inakazwa Nm 343, hiyo ni spana ya toki yenye mkono mrefu, si kukisia kwa bomba.

#4 Shimu_Moja
GiaNne umesahau jambo ambalo linawakwamisha wengi. 091 za T2 hazipatikani ovyo. Zinazokuja sokoni mara nyingi ni za T3 (kizazi kilichofuata T2) ya hewa ya 2.0, ile ya mwaka 1979 kuendelea. Uwiano ni ule ule, 4.57 na 0.88, ila T3 ina klachi ya hidroliki na T2 ina klachi ya kamba. Kwa hiyo unahamisha shafti ya klachi na mkono wake kutoka giaboksi yako ya zamani, pamoja na kishikizo cha kamba. Halafu pua ya mbele: fimbo ya gia ya T3 inaingia kwa namna nyingine, lazima uvue pua ya T3 na mkono wa ndani wa kuchagulia gia, uweke vya T2. Usipofanya hivyo, fimbo haishiki. Wauzaji watakwambia "inaingia moja kwa moja". Kengele ndiyo inayoingia moja kwa moja, hayo mengine hapana.

#5 Mkeka_Chalinze
Ahsanteni. Shimu_Moja hilo la pua sikuambiwa kabisa na muuzaji. Na gia ya nne peke yake je?

#6 Babu Pinioni
Inawezekana, na kimuundo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye giaboksi hizi gia ya kwanza na ya pili zimechongwa palepale kwenye shafti kuu, huwezi kuzivua. Ya tatu na ya nne ni vipande tofauti vinavyobanwa kwa presi, kwa hiyo jozi ya nne inatoka na nyingine inaingia bila kugusa kraun-pinioni. Hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu kina cha pinioni hakibadiliki.

Kraun-pinioni ni kazi nyingine. Hizo huuzwa kwa jozi, zina namba moja na alama ya tofauti ya kina katika sehemu za mia za milimita. Kina hupangwa kwa shimu (wosha nyembamba za kupangia nafasi) kwa kutumia kipimo maalumu, halafu unapima nafasi kati ya meno, mm 0.15 hadi 0.25. Ukikosea kina, giaboksi italia kama king'ora ukiachia pedali ya mafuta, na meno yatalika upande mmoja. Fundi akikwambia anaipanga "kwa sikio", mshukuru uondoke.

Gia ya nne zipo za 0.82, 0.77 hata 0.70. Wewe tayari una 0.82. Ukiweka 0.70 juu ya 5.375 unapata 3.76, yaani 3,135 kwa mwendo wa 100. Ila angalia gia ya tatu: ni 1.26. Ukibadili gia kwenye 4,000, leo inashuka hadi 2,600. Ukiwa na 0.70 inashuka hadi 2,220. Injini ya 1600 kwenye 2,220 ikiwa na kabati, tangi la maji na watu wanne inakoroma tu. Hilo shimo kati ya tatu na nne ndilo linalowafanya watu warudishe gia ya zamani.

#7 Kilowati
Naomba niingilie kabla hamjamuuzia mtu chuma. Swali si gia, swali ni nguvu. Makadirio yangu kwa Kombi ya kilo 1,900, eneo la mbele karibu mita za mraba 3, umbo la mkate: kwa 100 unahitaji karibu kW 26 kwenye fulaiwili, kwa 110 kama 33, kwa 120 zaidi ya 41. Injini yenyewe ikiwa mpya kabisa ni kW 37 kwenye 4,000. Nguvu inayoliwa na upepo inakua kwa mwendo kuzidisha mwendo kuzidisha mwendo, ndiyo maana km 10 za mwisho ni ghali kuliko 30 za kwanza.

Kwa hiyo 110 unaifikia ukiwa umekanyaga karibu hadi chini, gia iwe yoyote. Ukirefusha gia unaiondoa injini kwenye mizunguko ambako nguvu ipo. Na huo ni ubapa. Mwinuko wa asilimia 5 kwa mwendo wa 80 unadai kW 38 hivi. Hapo gia ya nne haishiki hata ya kiwandani, utashuka tatu tu.

#8 GiaNne_Eldoret
Kilowati hesabu yako ni safi ila umeisoma upande mmoja. Kwenye 3,200 injini hii bado ina karibu Nm 105, ni kama kW 35. Anahitaji 26 kwa mwendo wa 100. Akiba ipo. Mtu hatafuti kasi ya juu kabisa, anatafuta kutembea bila kelele. Hayo ni mambo mawili.

#9 Kilowati
Akiba ipo Dar. Huku Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ondoa kama asilimia 17 ya nguvu. Upepo nao ni mwepesi, nakubali, lakini mlima haujali wepesi wa hewa. Kupandisha kutoka Mai Mahiu utaitaka ile 5.375 uliyoitupa.

#10 Nyundo_Tanga
Gia ya kwanza ndiyo watu hawaitaji. Kwanza ni 3.8. Kwa 5.375 jumla ni 20.4, kwa 4.57 ni 17.4. Umepoteza asilimia 15 ya msukumo wa kuondokea. Mtu akisimama katikati ya mlima wa Kitonga nyuma ya lori, akitaka kuondoka na Kombi iliyojaa, klachi ya mm 200 inanuka. Hata rivasi inakuwa ndefu kwa kiwango hicho hicho, kumbuka unapopandisha kinyumenyume kwenye kambi yenye mchanga.

Kabla ya yote, hakikisha giaboksi uliyonayo ni ipi. Gari la 1974 limepita mikono mingi. Nyanyua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini, toa plagi nne, weka gia ya nne. Zungusha gurudumu mara 10 huku mwenzako akihesabu puli ya krenki. Gawa kwa 10, ndio uwiano wako.

#11 Shimu_Moja
Nyundo leo umeteleza kaka. Gurudumu moja likiwa chini, difu inagawa: gurudumu lililo juu linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kraun. Kwa hiyo zungusha gurudumu mara 20, hiyo ni mara 10 za kraun, ndipo ugawe kwa 10. Akifuata yako atapata 2.2 na atadhani ana giaboksi ya gari la mashindano.

Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye puli. Zungusha taratibu upande wa kwenda mbele, na uanze kuhesabu baada ya kumaliza mchezo wote wa meno, la sivyo unapoteza robo mzunguko.

#12 Nyundo_Tanga
Kweli kabisa, 20 si 10. Nimesahau difu. Ahsante Shimu.

#13 Mwanga wa Pwani
Na zile gia ndogo za kwenye magurudumu ya nyuma hamjazihesabu? Kombi ina boksi za kupunguza mwendo kwenye habu. Ukizitoa ukaweka ekseli iliyonyooka unapata mwendo bila kugusa giaboksi.

#14 Babu Pinioni
Hizo ni za kizazi cha kwanza, chenye kioo cha mbele kilichogawanyika, hadi katikati ya 1967. Habu zake zilikuwa na uwiano wa 1.4, baadaye 1.26. Kuanzia T2, Agosti 1967, ziliondolewa na kukaja shafti zenye jointi mbili kila upande. Ndiyo sababu kraun-pinioni ya T2 ni 5.375: upunguzaji uliokuwa kwenye habu ulihamishiwa ndani ya giaboksi. Gari la 1974 halina hizo.

#15 Muscat_Bara
Wote mnaongelea mizunguko, mie naongelea joto. Injini ya hewa inapozwa na feni yake, na feni inazunguka kwa mkanda kutoka kwenye krenki. Ukishusha mizunguko kwa asilimia 15 umeshusha na hewa. Wakati huo huo umekanyaga zaidi ili gari liende, joto la kila mlipuko limepanda. Huku Oman kiangazi hewa yenyewe inaingia ikiwa 45, na nimepima kwa kihisi chini ya plagi ya silinda namba 3: gia ndefu kwenye mwinuko mdogo, hedi inapanda hadi 230 huku geji ya joto la mafuta ya injini haijashtuka. Nikishusha gia tatu, kelele inaongezeka na joto linashuka. Nyuzi 200 hivi ndio mpaka wangu wa kutembea muda mrefu.

Namba 3 ndiyo huumia kwanza, hasa kwenye injini za kabla ya 1971, kwa sababu kipoza mafuta kilisimama ndani ya njia ya hewa yake. Zile za baadaye kipoza kimehamishiwa kwenye kibanda chake nyuma ya sanduku la feni.

#16 GiaNne_Eldoret
Muscat sikatai vipimo vyako, ila mbona kwenye barabara bapa T2 ya 2.0 ilitoka kiwandani na 4.02 hiyo hiyo na haichemki?

#17 Muscat_Bara
Kwa sababu ile ina kW 51. Kwa mwendo wa 100 imekanyagwa nusu. Ya 1600 kwa mwendo huo huo imekanyagwa robo tatu. Giaboksi ile ile, mguu tofauti.

#18 Kilowati
Ndicho nilichosema kwenye #7.

#19 DadaKabureta
Mnajibizana kuhusu joto bila kutaja kabureta. Mtu akirefusha gia, sindano ya takometa inakaa eneo jipya akiwa amefungua zaidi, na hapo ndipo mchanganyiko mwembamba unachoma vali. Kagua jeti kuu, kagua kama bomba la hewa ya moto bado linafunga, na uweke muda wa cheche kwa taa, nyuzi za juu kabisa zikiwa kwenye 3,500, si kwa alama ya injini ikiwa haijakanyagwa tu. Raba za pembeni ya injini na bati za kuzuia hewa ya moto zikikosekana, injini inavuta joto lake yenyewe kutoka chini. Nimeona Kombi nyingi zimetolewa bati hizo "ili ipumue".

#20 Bremen255
Salamu kutoka Ujerumani. Huku watu wengi wanarefusha kwa tairi kwanza. T2 kuanzia modeli ya 1971 ina bolti tano kwenye duara la mm 112, kabla ya hapo ni 205. Kwa hiyo rimu za inchi 16 zinapatikana. Tairi ya 215/65R16 ina kipenyo cha mm 686, ya 185R14 ni 650. Unapata asilimia 5.5 bila kufungua hata bolti moja ya giaboksi. Angalia lakini tairi ya mbele ikikatwa kona isiguse, na rimu iwe na uwezo wa kubeba.

Kingine, mwenye namba za gari la kihistoria huku (miaka 30 na kuendelea) lazima mabadiliko yapite ukaguzi. Giaboksi ya 2.0 ya modeli ile ile haisumbui sana. Ukienda kwenye Subaru, jiandae na makaratasi.

#21 Mwanga wa Pwani
Hapo kwenye tairi, spidomita si itadanganya? Na ukibadili giaboksi vilevile?

#22 Bremen255
Kwa tairi, ndiyo. Kwa giaboksi, hapana. Kamba ya spidomita ya Kombi haitoki kwenye giaboksi, inatoka kwenye habu ya gurudumu la mbele. Badili gia utakavyo, spidomita haijui.

#23 Nyundo_Tanga
Maadamu Subaru imetajwa: kuna mtu hapa amewahi kuweka giaboksi yake ya gia tano? Gia ya tano ya 0.78, kraun-pinioni ya 4.11, jumla 3.2. Inavutia.

#24 Babu Pinioni
Inavutia ukiwa na injini yake vilevile. Kwenye Subaru injini iko mbele ya ekseli, giaboksi nyuma yake. Kwenye Kombi injini iko nyuma. Ukiigeuza giaboksi hiyo bila kufanya lolote, utakuwa na rivasi tano na gia moja ya mbele. Kraun lazima ihamie upande wa pili wa pinioni, na pinioni ya Subaru haikai katikati ya kraun, imeshuka, kwa hiyo huwezi kupindua tu ukafunga. Kuna wanaouza kraun-pinioni iliyokatwa kinyume kwa ajili ya kazi hii. Halafu unaziba njia ya magurudumu mengine mawili, unatengeneza fimbo ya gia ya kamba, mabano ya mbele na pleti ya kuungia injini. Kwa 1600 hiyo ni kofia ya sultani kwenye kichwa cha mtoto. 3.2 kwa kW 37 haitavuta hata upepo wa mbele.

#25 Chuma_Kigoma
Kuna njia ya gia tano ndani ya familia: giaboksi ya T3 ya gia tano, 094. Afrika Kusini T3 ziliendelea kutengenezwa Uitenhage hadi 2002, za mwisho zikiwa na injini za silinda tano, na spea zake bado zinazunguka. Ila ni ndefu na nzito kuliko 091, kwenye T2 inataka mabano mapya. Kwa mwenye T3 ningemwambia aifikirie. Kwa T2, hapana.

#26 Mwanga wa Pwani
Swali dogo: oili ya giaboksi iwe GL-4 au GL-5? Dukani wananiambia GL-5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa.

#27 Shimu_Moja
GL-4, 80W-90. Namba kubwa si ubora, ni kiasi cha dawa ya kuhimili mgandamizo. Dawa ya GL-5 ni nyingi na zipo zinazoshambulia shaba ya ringi za sinkronaiza (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana).

#28 Chuma_Kigoma
Oili za kisasa nyingi za GL-5 hazili shaba. Tatizo lake ni utelezi: ringi inashindwa kushika koni, gia ya pili inakwaruza ikiwa baridi. Matokeo ni yale yale, sababu si hiyo.

#29 Shimu_Moja
Tukubaliane kwenye chupa tu basi. Na fungua bolti ya kujazia KWANZA, heksagoni ya mm 17, kabla ya kumwaga. Mtu akimwaga kisha akagundua ya juu imeganda, gari haliondoki hapo. Giaboksi kavu inachukua lita 3.5, ukibadili tu ni karibu 3.

#30 Mkeka_Chalinze
Wakuu, nimefuata #11. Gurudumu moja juu, plagi nje, chaki kwenye puli. Mizunguko 20 ya gurudumu, puli imezunguka mara 40 na kidogo. Nimerudia mara tatu: 40, 40 na robo, 40 na robo. Kwa hiyo ni 4.02, si 4.41. Nimeangalia na chini: mbavu sita.

#31 GiaNne_Eldoret
Kumbe giaboksi ya 2.0 unayo tayari! Kuna mwenye gari wa zamani alishaibadili.

#32 Mzee wa Spana
Basi nilikosea kusema liko sawasawa na kitabu. Lakini sasa hesabu haifungi. Ukiwa na 4.02 na tairi ya mita 2.0, kwa 100 takometa isome 3,350. Wewe una 3,700. Asilimia 10 imepotelea wapi? Klachi inateleza?

#33 Nyundo_Tanga
Klachi ikiteleza asilimia 10 kwa mwendo wa kawaida ingeshaungua ndani ya safari moja. Mimi nadhani takometa. Za kichina zikiwekwa kwa silinda sita badala ya nne zinasoma uongo.

#34 DadaKabureta
Ingewekwa silinda sita ingesoma theluthi pungufu, si asilimia 10 zaidi. Mkeka, nenda kasome ubavu wa tairi neno kwa neno utuandikie. Si "185 rimu 14". Kila kitu kilichoandikwa.

#35 Mkeka_Chalinze
Imeandikwa 185/65R14 86T. Zote nne.

#36 Bremen255
Hiyo ndiyo. 185R14 isiyo na namba ya katikati ni tairi ndefu ya gari la mizigo, kipenyo mm 650. 185/65R14 ni tairi ya gari dogo la saluni, kipenyo kama 596. Upana sawa, urefu pungufu kwa asilimia 8. Inasafiri mita 1.83 tu. Weka kwenye hesabu: 100 kwa 4.02 inakuwa 3,650. Takometa yako haidanganyi, na giaboksi haina kosa.

#37 Shimu_Moja
Na achana na kelele kwanza, angalia hiyo 86. Ni kilo 530 kwa tairi moja. Nne zote ni 2,120. Kombi ya kambi ikijaa maji, gesi, vitanda na watu inapita hapo, na uzito mwingi uko nyuma. 185R14C huandikwa 102, kilo 850 kwa moja, na inajazwa upepo zaidi. Tairi ulizonazo kwenye lami ya saa saba mchana na mwendo wa 105 zinaweza kupasuka, na T2 ikipasuka tairi ya nyuma inayumba vibaya sana. Mkuu usitembee nazo safari ndefu.

#38 Mkeka_Chalinze
Nimeelewa. Gari linakaa hadi nipate za C. Nilinunua kwa sababu muuzaji aliniambia 185 ni 185.

#39 GiaNne_Eldoret
Ukishaweka za kimo sahihi utakuwa na 3,350 kwa 100 na 3,690 kwa 110. Umemaliza bila kununua giaboksi.

#40 Muscat_Bara
Au ndiyo ameanza. Leo tairi fupi zinamsaidia injini, jumla yake ni kama 4.38 ya kiwandani, na bado anasema joto la mafuta linapanda kwenye 105. Akirefusha kwa asilimia 9 atakanyaga zaidi. Weka kihisi cha hedi namba 3 kabla ya tairi mpya, upime kabla na baada, barabara ile ile, saa ile ile.

#41 Kilowati
Nakubaliana na Muscat. Na kwa anayepanda milima mara kwa mara ningerudisha 5.375 na tairi sahihi, nitembee 95.

#42 GiaNne_Eldoret
Hapana. Kwa Chalinze hadi Morogoro 4.02 ni sawa kabisa, na milimani gia ya tatu ipo. Kwa 4.57 ya tatu inakupa 83 kwenye 4,000, ile ya zamani ilikuwa inaishia 71. Tatu ndefu ni faida mlimani, watu hawaisemi.

#43 Nyundo_Tanga
Ni faida kama injini inaweza kuishika hiyo 83 mlimani. Kwa kW 37 tutarudi kwenye 60.

#44 Babu Pinioni
Mkeka, kabla ya kuamua lolote mwaga oili ya giaboksi ukiangalia sumaku ya bolti ya chini. Uji mweusi laini ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno au beringi. Giaboksi iliyofungwa na mtu usiyemjua, kwenye gari lenye tairi zisizo zake, nisingeiamini bila kuona sumaku. Na hizo bolti za jointi za shafti, safisha matundu yake ya meno 12 kwa sindano kabla ya kuingiza biti, kisha ukirudisha kaza Nm 35 na urudie baada ya km 500.

#45 Mkeka_Chalinze
Jumamosi namwaga. Nitapiga picha ya sumaku niiweke hapa. Kihisi cha hedi, mnaingiza waya wake kupitia wapi bila kuharibu raba ya plagi?

#46 Muscat_Bara
Pete ya kihisi inakaa chini ya plagi badala ya wosha yake, usiweke zote mbili. Waya unaupinda pembeni mwa shingo ya plagi, na raba unaikata ufa mmoja tu wa mm 3 upande wa chini, si upande wa feni.